Fomu Iliyojifunza Kuuliza

Tulimzika Yasini kwao Biharwe, nje kidogo ya Mbarara, siku ileile aliyofariki, kama ilivyo desturi ya Waislamu. Nasema tulimzika, lakini makaburini walikwenda wanaume. Mimi nilikaa ndani na wanawake wengine, juu ya mkeka, karibu na dirisha linalotazama barabara ya Masaka, na kila lori lilipopita vikombe kabatini vilitikisika. Mimi ni Mkatoliki. Sikujua mahali pa kuitikia dua, kwa hiyo niliinamisha kichwa walipoinamisha wenzangu na kukiinua walipokiinua. Machozi yalinitoka bila sauti, na nadhani ndiyo yaliyomfanya mjane anitazame. Shamim alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika shuka jeupe hadi kidevuni, na alinitazama muda mrefu kabla ya kusema, kwa upole kabisa, akiniita bibi kwa lugha yao, "Nyabo, samahani. Wewe ni nani wake?" Wanawake wawili waliokuwa wakinong'onezana walinyamaza ili wasikie jibu. Hawakukosea. Mwanamke asiyejulikana, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, analia msibani kwa mume wa mtu. Nikamjibu, "Nilifanya naye kazi, dada. Zamani, huko kambini." Akaitikia kwa kichwa. Jibu lilikuwa la kweli, lakini niliona halikumtosha, na njia nzima ya kurudi nyumbani niliona kwamba halikunitosha hata mimi.

Sitaeleza hapa tulivyotoka Burundi wala nani alibaki njiani. Inatosha kujua kwamba mwaka nilipokutana na Yasini nilikuwa msichana, shule niliiachia kidato cha pili, na nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho wenzangu wengi hawakuwa nacho: nilijua kuchapa kwa vidole vyote bila kutazama. Sista mmoja wa parokia alitufundisha kwa taipu kuukuu ambayo herufi zake zilikuwa zimefutika, na kwa sababu herufi hazikuonekana hapakuwa na sababu ya kuzitazama. Ndivyo nilivyopata kazi kwenye zahanati ya shirika lililokuwa likigawa unga wa uji kwa watoto waliodhoofika. Waliniweka katika chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua. Harufu ya dawa ya mbu haikutoka hadi mwaka ulipokwisha. Kulikuwa na meza, kompyuta mbili, betri ya sola chini ya meza iliyonipasha joto miguuni, na bati ambalo likichomwa na jua la saa saba lilikuwa linapiga milio kama mtu anayekunja vidole. Kina mama walisajiliwa nje, kwenye benchi, kwa karatasi. Karatasi zikaletwa kwangu, nami nikamwandika kila mtoto kwenye fomu ya kompyuta: jina, jina la mama, nambari ya nyumba, tarehe ya kuzaliwa. Halafu nikabonyeza Hifadhi.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Ofisi ya shirika mjini Mbarara iligundua kwamba watoto waliomo kwenye mashine ni wengi kuliko wanaofika zahanati. Mtoto mmoja alitokea mara mbili, mwingine mara tatu. Ofisini waliwaita watoto hewa, na haikuchukua muda kabla ya watu kuanza kusema kwamba kina mama wa Kirundi wanajiandikisha mara mbili ili wapate unga wa kuuza sokoni Rwekubo. Nililisikia neno hilo dirishani, likisemwa na watu waliokula kwenye bakuli zetu, na liliniuma kwa sababu nilikuwa nazijua sura za wale kina mama. Ndipo akatumwa Yasini. Alikuwa kijana mwembamba mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, fundi wa programu aliyekuwa na mkataba mdogo na ofisi ile. Nilitegemea anihoji. Badala yake alivuta kiti akaketi kando yangu, nyuma kidogo, akasema, "Fanya kazi yako, nyabo. Fanya kama mimi siko."

Nikachapa mtoto wa kwanza, nikabonyeza Hifadhi. Mtandao wetu ulikuwa mzito, skrini haikusema lolote. Nikabonyeza tena.

"Ngoja. Kwa nini umebonyeza tena?"

"Kwa sababu mara ya kwanza haikunijibu."

Akafungua upande wake wa mashine, akatazama, halafu akaanza kucheka peke yake. "Njoo uone watoto hewa wako," akasema. Mtoto yule alikuwa ameingia mara mbili, kwa tofauti ya pumzi moja. "Sasa hawa wamama wanasingiziwa bure. Mwizi ni hii batani."

Siku ileile aliirekebisha. Ukishabonyeza, batani inafifia na kuandika, "Subiri, naandika," na hata uigonge namna gani haisikii mpaka imalize. Nilikaa naibonyezabonyeza kama mtoto mwenye kichezeo. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kinachobadilika kwa sababu mtu amenitazama nikifanya kazi.

Lakini ilibaki shida ya pili, nayo haikuwa ya batani. Kuna mama aliyepoteza kadi ya mtoto ya kupokelea unga, akarudi benchi kuandikwa upya, wala si kwa wizi. Fomu ingemjuaje? Tulizungumza hayo tukinywa soda zisizo na ubaridi mlangoni mwa stoo. Yasini alitaka ifuate majina. Nikamwambia majina yetu hayatamsaidia. Kwetu mtoto hachukui jina la baba wala la kaka yake, kila mmoja anapewa la kwake. Na mapacha ndio kabisa: anayetangulia kutoka anaitwa Bukuru, anayemfuata Butoyi, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Ciza. Ni hivyo kila nyumba. "Simama hapo mlangoni uite Bukuru," nikamwambia, "nusu ya benchi itaitika."

"Sasa jina ni la kazi gani, kama halikutenganishi na mwenzako?"

"Ni la kukukumbusha kwamba hukuja peke yako."

Akaitafakari, akasema, "Kale," yaani haya, naliafiki. Basi tukayaacha majina ya watoto, tukachagua vitu vitatu: jina la mama, nambari ya nyumba na tarehe ya kuzaliwa. Vikilingana vyote vitatu, fomu inakataa. Inaandika kwa herufi nyekundu, "Mtoto huyu tayari yupo," na chini yake kuna batani moja tu, Sawa. Tuliifurahia sana. Mpaka leo nikikumbuka alasiri ile nashangaa. Tulikuwa tumetoka kuzungumza habari za Bukuru na Butoyi, soda hazijaisha, na palepale tukatunga sheria inayomtupa nje kila Butoyi wa Nakivale. Tuliwafikiria mapacha kama majina. Hatukuwafikiria kama watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, wa mama mmoja, wa nyumba moja, waliozaliwa siku moja.

Yasini akarudi Mbarara. Watoto hewa wakapungua, ofisi ikafurahi. Mimi niliendelea kuchapa. Karatasi zilinifikia zimechanganyika, na yale maandishi mekundu yalipotokea nilibonyeza Sawa kama nilivyoelekezwa, nikachukua karatasi inayofuata.

Chakula cha mchana tulikula nyuma ya zahanati, posho, yaani ugali, na maharage, kila mtu na sahani yake ya bati. Mlinzi wetu alikuwa Mkongomani, tulimwita Papa Dieudonné, na alipenda kula akizungumza. Siku moja alikuwa akizungumza na nesi, Mganda wa hukohuko Isingiro, nami nikiwa nimewapa mgongo.

"Ule mama amerudi tena leo," Papa Dieudonné alisema. "Bamemupatia pakiti moya ya unga, ameiweka chini, ameenda zake."

"Kiburi tu," nesi akajibu. "Huyo njaa haijamuuma."

"Hapana, nesi. Njaa iko mingi. Mimi nimeona batoto bake. Ule mudogo hana hata nguvu ya kufukuza nzi."

"Basi kama mtoto ni mgonjwa na mama anakataa unga, si kichwa kigumu hicho?"

Nikageuka. "Papa, huyo mama ana watoto wangapi?"

"Babili. Bamefanana sana. Mimi sijue hata wa leo ni nani na wa jana ni nani."

Niliweka kijiko chini.

Mama yule aliitwa Spesiyoza. Jioni nilimkuta kwake, nyumba ya udongo iliyoezekwa turubai, anapika matembele. Alinikaribisha vizuri, akafuta kigoda kwa kanga. Watoto walikaa juu ya gunia, wa umri wa miaka miwili hivi, mmoja amemlalia mwenzake begani. Mboga zilipoiva alizipakua kwenye bakuli mbili zinazofanana, akazisogeza jichoni, akatoa kijiko kimoja huku na kukirudisha kule mpaka zikawa sawa. Mimi nilipewa katika kifuniko cha sufuria, na yeye hakula. Nikamuuliza kuhusu unga.

"Siku ya kwanza nilifikiri mmesahau," akasema. "Siku ya pili nikafikiri mnanipima. Majina yanasomwa, Bukuru anaitwa, Butoyi haitwi. Nikauliza, wakaniambia kwenye mashine yuko mmoja."

"Kwa nini hukuchukua hata hiyo moja, ukawagawia nyumbani?"

Akanitazama. "Weye si Murundi?"

"Ni Murundi, mama."

"Basi waniuliza nini?"

Kweli nilikuwa najua. Kwetu mapacha hawapewi mmoja mmoja. Ukimletea mmoja shati unamletea na mwenzake, hata kama la pili utalikopa. Jirani mwenye yai moja anasubiri kuku atage tena ndipo aje. Spesiyoza alisema kwa sauti ya chini, akimpangusa Butoyi mdomo, "Nikisaini ya mmoja, nimekubali kwamba huyu hayupo. Yeye yupo. Muangalie." Nikamwangalia. Mikono yake ilikuwa myembamba kama vipini vya mwiko, na macho yake yalikuwa yakifuata kijiko kila kilipokwenda. Najua wapo watakaosema mama angepaswa kuchukua unga ule na kuacha mila. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii. Yeye alikuwa akifanya kazi ambayo ilikuwa yangu: alikuwa akikataa kumfuta mtu.

Kesho yake niliomba ruhusa, nikapanda gari Rwekubo kwenda Mbarara. Yasini alipanga chumba mtaa wa Kamukuzi, nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu. Kilikuwa na godoro lililosimamishwa ukutani mchana, nyaya zilizoning'inia misumarini kama nguo, kalenda ya msikiti, na birika la umeme lililokuwa linazima taa kila lilipochemka. Mlango tuliuacha wazi kwa adabu, na binti wa mwalimu akatuletea katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo, na kibakuli cha eshabwe, ile samli nyeupe ya Wanyankole ambayo nilikuwa sijawahi kuionja. Sikuila mpaka nilipomaliza kumweleza. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe, na nilipofika kwenye zile bakuli mbili akakiweka sakafuni.

"Butoyi," akasema. "Na uliniambia. Soda mkononi, uliniambia."

"Tulikuwa wawili."

"Kale. Sasa tufanye nini? Nikitoa hiyo sheria, watoto hewa wanarudi, na ofisi itasema wamama ni wezi. Nikiiacha, yule mtoto anaisha." Akazunguka chumba, ingawa kilikuwa cha hatua chache. Alipendekeza kisanduku cha kuweka alama, pacha au si pacha. Nikamwambia anayejaza karatasi nje akisahau alama ile, tumerudi palepale, na tena kuna mama anayelea mtoto wa marehemu dada yake aliyezaliwa siku moja na wake, nimewaona. Akapendekeza kingine, nikakikataa. Alianza kukasirika, si kwangu. Mwishowe akasimama.

"Wewe ulijuaje kama ni wawili?"

"Nilikwenda nikamuuliza mama yao."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akakaa chini. "Basi ni hivyo. Mashine haina miguu, nyabo. Wewe unayo." Akaanza kuandika, na mimi nikala eshabwe. Ilikuwa na chumvi na ubaridi, na tangu siku ile ladha yake kwangu ni ya mtu aliye karibu kupata jawabu.

Alichokifanya kinaelezeka kwa maneno machache. Kadi moja haiwezi kutumika kwa watoto wawili. Hapo fomu inakataa, haina mjadala. Lakini yale mambo matatu yakilingana, haikatai tena. Inasimama. Inamleta aliyekwisha kuandikwa na kumweka kando ya huyu mpya, wote wawili skrini moja, kisha inauliza. Batani ni mbili, Ni Yuleyule na Ni Mwingine, na hakuna kitakachohifadhiwa mpaka mwandishi aweke jina lake kama mtu aliyekwenda kuuliza. Tulibishana juu ya maneno ya swali. Yeye alitaka ya kiofisi. Mimi nilisema nani atayasoma hayo, andika kama ulivyoniuliza mimi. Akaandika: "Wamefanana. Umemuuliza mama yao?"

Kisha akapiga simu kwa mkubwa wake. Nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, bosi... Hapana, mlango haujafunguliwa, bosi, inauliza... Anauliza yule anayechapa... Ndiyo, mkimbizi. Kwani mkimbizi hana mdomo?" Kisha, kwa sauti nyingine, akasema, "Basi fanya hivi. Wakirudi watoto hewa, mkataba wangu uuvunje. Hapana, nimesema. Uuvunje." Alikuwa na mchumba wakati ule, na mahari hayajatimia. Nilimwambia hakupaswa kujifunga hivyo. Akasema, "Kula, ndizi zinapoa."

Waliokataliwa zamani mashine haikuwa imewatunza, kwa hiyo karatasi zote zilibidi zipitiwe upya. Yasini alikuja Nakivale, akakaa nami kwenye ile stoo, yeye akisoma na mimi nikichapa. Kirundi kilimshinda vibaya; Papa Dieudonné alikuwa akisikia mlangoni akicheka mpaka anashika tumbo. Kila swali lilipotokea niliinuka, nikatoka kwenye benchi au nikamtuma Papa amlete mama. "Bukuru na Butoyi wa nyumba hii, ni mtoto mmoja au wawili?" Wengine walicheka. Mmoja alinijibu, "Njoo unisaidie kuwabeba, utajua." Wengine walikiri bila kuona haya kwamba ni yuleyule, kadi ililiwa na mbuzi. Butoyi walirudi mmoja baada ya mwingine. Nilipolichapa jina la yule wa Spesiyoza, na fomu ikaniuliza, nilibonyeza Ni Mwingine kwa nguvu mpaka Yasini akasema, "Taratibu, hiyo batani ni ya serikali."

Siku ya mgao nilitoka chumbani kutazama. Bukuru akaitwa. Kisha Butoyi akaitwa, naye mama yao akasimama kwa mara ya pili, kana kwamba ni mama mwingine. Akapokea pakiti zote mbili, akazifunga kwenye kanga moja. Nesi, ambaye sasa alikuwa ameelewa, alimshika Butoyi mkono na kumpima yeye mwenyewe, akamwambia mama, "Huyu mlete kwangu kila wiki, usingoje mgao." Spesiyoza alipopita mbele yangu hakunishukuru. Alisema, "Sasa tumefika wote," akaendelea na safari yake. Ripoti iliyofuata haikuwa na watoto hewa, na mkataba wa Yasini haukuvunjwa. Alioa mwaka ule.

Nimefanya kazi nyingine baada ya hapo, na kompyuta za zahanati zimebadilishwa. Vijana wa sasa hawamjui aliyeiandika ile fomu. Lakini kila aliyekuja kuibadilisha aliambiwa na kina mama, na mimi pia, kwamba swali lile lisiguswe, na halikuguswa. Nimeona watu wenye elimu kubwa wakiinuka kwenye viti vyao kwenda benchi kwa sababu sentensi ile imewatuma. Sina cheti cha kazi hiyo, wala Yasini hakuwahi kupewa. Ninajivunia hata hivyo, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kunong'ona.

Wiki chache baada ya mazishi nilirudi Biharwe. Shamim yumo edani, hatoki nyumbani. Nilikuwa na picha kwenye simu yangu, nimeipiga skrini ya zahanati, nikamwonyesha. Aliisogeza karibu na macho, akasoma polepole, "Wamefanana. Umemuuliza mama yao?" Akaisoma tena. Halafu bega lake likaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Huyu ni yeye," akasema. "Watoto wakigombana, mmoja akija kumshtaki mwenzake, hamsikilizi. Anamwambia tu, umemuuliza? Nenda umuulize kwanza." Alishika simu yangu muda mrefu baada ya skrini kuzimika.

Kisha nikamtolea nilichobeba. Bukuru na Butoyi ni vijana sasa, wanasoma, Butoyi amempita kaka yake kwa urefu. Niliwaambia kwamba amekufa mtu mmoja wa Mbarara, nikawaeleza ni nani, na mama yao akawapa maharage wayafunge wampelekee mjane. Nikayaweka mkekani. Vifurushi viwili vidogo, vya kitambaa kimoja, vimefungwa fundo moja.

"Mbona viwili?" Shamim akauliza. "Si vingeingia katika kimoja?"

"Hiyo habari ni ndefu, dada."

Akajiweka sawa ukutani, akavuta shuka, akanisogezea mto wa kuegemea. "Mimi niko edani," akasema. "Siendi popote."

Nikamwanzia kwenye ile stoo ya vyandarua.